Plake Tano kwenye Shingo ya Kinga

Nilikuwa na miaka sita nilipoanza kuitwa mtoto wa mwizi wa kinga. Kinga ndivyo tunavyoita baiskeli hapa Likasi, na ni kinga moja tu iliyotupaka matope nyumba nzima. Leo nina wajukuu, na bado, mwaka juzi kwenye matanga ya jirani, nilimsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Njo yule, mutoto ya ule mwizi wa kinga." Kwenye matanga! Maiti iko ndani, sufuria ya bukari, ugali wetu, iko motoni, na mtu bado ana nafasi ya kukumbuka kinga ya baba yangu.

Kwa hiyo anayetaka maneno matamu asinisome leo.

Mambo yalikuwa hivi. Baba alikuwa mchomelea vyuma katika karakana ya kiwanda cha shaba. Alikuwa na kinga yake mwenyewe, aliyoinunua kwa mwalimu wa shule ya misioni aliyekuwa anahamia Kapolowe. Ilikuwa nyeusi. Siku chache kabla ya Pasaka moja aliipaka rangi ya kijani, kwa sababu weusi ulikuwa umechujuka na alitaka tuonekane watu tukienda misani, mama nyuma kwenye keria na mimi mbele, kwenye bomba la juu, nimekaa kwenye kikalio kidogo cha mbao alichonitengenezea. Sasa kiwanda nacho kilikuwa na baiskeli zake za kijani, walizokuwa wakipanda makapita, wale wasimamizi wa wafanyakazi. Na wiki ileile moja ilipotea bandani.

Saa ya kutoka kazini, zamu, yaani mlinzi wa mlangoni, alimshika baba mbele ya wafanyakazi wote. Rangi bado inanuka, hata kukauka vizuri haijakauka. Ushahidi gani tena walitaka? Kinga wakaichukua, na kesho yake wakamfukuza kazi.

Baba alirudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku ile mpaka leo, na ana miaka zaidi ya themanini, hajapanda tena kinga, hata kubebwa nyuma hakubali. Alikwenda shambani kwa miguu, hospitali kwa miguu, na ndugu yake alipofariki alikwenda Kapolowe kwa miguu, akafika watu wameshamaliza kuzika. Mama, Mungu amrehemu, alikaanga mikate ya kuuza asubuhi na jioni ili tusome. Mama kila alipomuuliza kuhusu mambo ya mlangoni, baba alijibu neno moja: "Sikuiba." Halafu anachukua jembe lake anatoka.

Nitasema na hili, japo linaniaibisha. Mimi mwenyewe nilishuku. Nilipokuwa msichana nilijiuliza, mtu asiye na kosa anyamaze kwa nini? Mimi ukinisingizia kijiko tu utanisikia mpaka stesheni. Swali hilo nilikaa nalo miaka na miaka, ninampelekea baba chai, ninamfulia shati, na ndani ya kichwa changu linanong'ona.

Basi msimu huu wa baridi nilikwenda sokoni kununua sombe, majani ya mihogo. Nyuma ya soko, karibu na fundi wa baiskeli, mtu mmoja anayebeba makala, makaa ya kupikia, kutoka upande wa Kamatanda alikuwa anauza kinga yake kwa bei ya kutupa, kwa kuwa amepata pikipiki. Ilikuwa mzee wa chuma. Kanyagio moja la mbao, kiti kimefungwa mpira wa ndani, kijani kilichobaki ni mabaka mabaka tu. Nilikuwa nimeshaipita. Kilichonirudisha ni mkanda wa shaba uliozunguka bomba la juu, wenye boliti mbili.

Mkanda ule naujua. Baba aliukata kwenye kipande alichopewa na kapita wake, tena kwa ruhusa, kabla hujaniuliza. Ndio ulioshika kikalio changu. Alizikunja kingo zake zote kwa nyundo nisikatwe, lakini pembe moja aliisahau, na pembe hiyo ilinichana paja la kushoto. Kovu ninalo mpaka leo. Nikapeleka kidole pale, chini ya mkanda, upande wa kushoto, na pembe ilikuwepo.

 Nilishikilia usukani kama mtu atakayeninyang'anya. Halafu akili ikanirudia: ndiyo, ni kinga aliyokamatwa nayo baba. Na kisha? Hilo halisemi kama ilikuwa yake au ya kiwanda. Nikamwita fundi aje aniambie ni ya miaka gani.

Fundi ni mtu wa sala nyingi, hawezi kushika spana bila kusema Bwana asifiwe. Alikuja akifuta mikono, hata kuinama hakuinama. Alitazama tu plake kwenye shingo, chini ya usukani.

Zamani, kila mwenye baiskeli alilipa ushuru kila mwaka, akapewa kibati kidogo cha kufunga kwenye shingo ya kinga. Kibati hicho ndicho plake. Kina mwaka, jina la mji na jina la nchi. Nasi watu wa hapa ndivyo tunavyohesabu umri wa vitu. Hatuulizi mwaka, tunauliza nchi ilikuwa inaitwaje. Noti, sahani, cheti cha ubatizo, ukiona Zaire umeshajua.

"Zaire," fundi akasema. "Ii iko kinga ya Zaire, mama. Njo zile za kompani, zile za kijani."

Mwuzaji akadakia, akidhani ananisifia mali: "Kabisa! Iko ya kompani, njo maana iko nguvu!"

Nikainama nikasoma mwenyewe. Zaire, Likasi, na mwaka ulikuwa uleule alioshikwa baba. Hapakuonekana plake ya zamani zaidi, maana yake kinga ilikuwa mpya mwaka huo, kama za kompani. Nikakaa kwenye dumu la mafuta, mfuko wa sombe mapajani, na nikajiambia: kumbe watu walisema kweli. Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikiwachukia bure. Niliona haya, halafu nikamkasirikia baba, halafu nikamkasirikia fundi ambaye hakuwa na kosa lolote, akaanza kunieleza bei ya tairi.

"Nani amekuuliza tairi?" nikamwambia.

Ni hasira hiyo iliyonifanya niiangalie tena ile plake, kwa macho mabaya, na hapo nikaona kwamba imekaa vibaya. Ilikuwa nene. Kibati kile si kinene, mtoto anaweza kukikunja, lakini hiki kilikuwa kimejitokeza mbele kama kidaftari.

"Fungua hapa," nikasema.

"Mama, boliti imeshika kutu."

"Fungua!"

Alichukua kle ya kumi, yaani spana namba kumi, akadondosha mafuta kidogo, akasema Bwana asifiwe, akazungusha. Kazi hiyo haikufika dakika mbili. Naomba msomaji ashike jambo hilo, maana nitalirudia: spana namba kumi, dakika mbili.

Plake ya juu ilitoka. Chini yake kulikuwa na nyingine, ya Zaire pia, ya mwaka wa nyuma. Chini yake nyingine tena, Zaire.  Ya nne haikuwa na Zaire, ilikuwa na Kongo. Na ya tano, nyembamba kuliko zote, iliyogandamana na chuma mpaka akaibandua kwa kisu, iliandikwa Kongo ya Wabelgiji, na mahali pa Likasi palikuwa Jadotville, jina la mji wetu wakati wa wazungu.

Nilijua mara moja ni kazi ya nani. Baba yangu hatupi karatasi ya serikali. Polisi wa mji huu hawakuridhika na plake ya mwaka huu, waliweza kukuuliza ya mwaka jana, basi yeye alifunga mpya juu ya ya zamani, na zile za mwalimu alizozikuta hakuzitoa. Lakini fundi alikuwa bado anatikisa kichwa.

"Mama, usifurahi mbio. Plake muntu anaweza kufungua kwa kinga ingine, anatia kwa hii."

Nusura nimpige na sombe. Lakini alikuwa na haki, na afadhali aliyasema yeye kabla hawajayasema wengine. Akaipindua kinga, kiti chini, magurudumu juu. Akachukua wembe, akakwangua mahali ambapo hakuna mtu anayeangalia, chini ya fremu, pale ekseli ya kanyagio inapopita. Kijani kikatoka. Chini yake nyeusi. Akakwangua polepole zaidi, na ndani ya ule weusi ukaonekana mstari mwembamba wa dhahabu, urembo wa watengenezaji wenyewe.

"Za kompani zilifikaka na kijani yao," akasema. "Chini ya kijani kuko rangi nyekundu ya kukataza kutu. Nimetengeneza mingi, naijua. Hii ilikuwa nyeusi."

Halafu akafuta kitovu cha gurudumu la nyuma, hapo spoki zinapokutana, kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Miaka ya grisi na vumbi la makala ikatoka, na chuma kikaonyesha namba ndogo zilizogongwa na watengenezaji, mwaka walioitengeneza. Akasoma, akasoma tena kwa kidole.

"Mama," akasema, "ii kinga ilizaliwa mbele ya Zaire kuzaliwa."

Kabla ya Zaire! Nililia palepale sokoni, na sioni haya. Mwuzaji alidhani ninalia ili apunguze bei, akapunguza, nikalipa.

Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha na nisingeandika. Lakini zamu aliyemshika baba bado yuko hai. Anakaa mitaa miwili kutoka kwetu, ni mzee wa kanisa, wa kanisa lile la vipaza sauti, na kila Jumapili anakaa mbele kwenye kiti cha plastiki na koti lake. Nilisukuma kinga moja kwa moja mpaka kwake, sombe ikiwa kwenye keria. Nilimkuta uani anachambua maharagwe.

Nilimwita papa, yaani baba, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, hata kama ulimi ulikuwa mchungu. Nikaweka plake tano juu ya maharagwe yake. "Papa, angalia. Hii haikukuwa kinga ya kompani. Baba hakuiba."

Nilitegemea abishe. Nilikuwa nimejiandaa, njia nzima nilikuwa napanga maneno, kijani na nyeusi na namba za gurudumu. Mzee akazitazama plake, akatazama kinga, akapumua.

"Eh, ile mambo," akasema. "Ile kinga ingine balipataka, mama. Kapita aliazimisha shemeji yake, akaenda nayo Koni. Ilirudi nyuma ya mwezi moja."

Sikuelewa. Yaani masikio yalisikia, kichwa kikakataa. "Ilirudi?"

"Ilirudi."

"Na baba mulimuambia?"

"Bakubwa balisema tuache. Mambo ilikwisha."

"Ilikwisha kwa nani?" nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. "Papa, ilikwisha kwa nani? Kwetu ilianza!"

Mwezi mmoja! Mama yangu alikaanga mikate mpaka macho yakaharibika na moshi, kaka yangu aliacha shule, mimi nilichekwa kila siku njiani, na watu hawa walijua baada ya mwezi mmoja. Wakala, wakalala, wakaimba kanisani. Mzee huyu alipita mbele ya parseli yetu, yaani kiwanja chetu, maelfu ya mara, akamsalimu baba, "Muzee, jambo," na baba akamjibu. Sijui niuite moyo wa namna gani.

Nilidhani nimemaliza kusikia. Lakini mzee, labda kwa kuona machozi yangu, akaongeza akitazama chini:

"Na papa yako alilia sana siku ile. Alisema, 'Mulete kle ya kumi. Fungueni plake, muangalie chini yake.' Alirudilia, alirudilia. Bantu bote balisikia."

"Na mulisema nini?"

"Tulisema kle hakuna."

Kle hakuna! Katika kiwanda kile! Kiwanda chenye karakana tatu, chenye spana zilizotundikwa ukutani kuanzia ndogo ya kidole mpaka zile za kubebwa na watu wawili, hakuna spana namba kumi! Mimi nimeipata nyuma ya soko, kwa mtu mwenye sanduku moja la mbao. Dakika mbili. Walikataa dakika mbili, tukalipa sisi maisha.

Na mimi niliyesema asiye na kosa hawezi kunyamaza! Kumbe hakunyamaza. Alipiga kelele mahali pa kupigia kelele, mbele ya watu wa kusikia, akaomba kitu kimoja kidogo tu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na hasira yake sikuwa na mtu wa kumtupia ila mimi.

Nikamwambia mzee: "Utaleta kinga kwa baba. Weye mwenyewe, na mikono yako." Hakubisha. Nikairudisha kinga na plake kwa fundi azifunge, mzee aichukulie huko.

Jumamosi alikuja na koti lake la Jumapili, anaisukuma kinga. Fundi alikuwa ameitia kengele mpya, na plake zote tano amezirudisha kwa mpangilio wake. Baba alikuwa amekaa mlangoni anamenya mihogo. Aliiona, kisu kikasimama.  Alinyoosha mkono akagusa mkanda wa shaba, kisha plake, akazihesabu kwa ukucha, moja mpaka tano.

Mzee wa kanisa akafunga macho. "Tuombe kwanza," akasema.

"Hapana," baba akasema. "Kinga yangu ulikamata wapi?"

"Ku mulango ya kompani, muzee."

"Saa gani?"

"Saa ya kutoka kazi."

"Basi utanipatia pale." Akaweka kisu, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu.

Nilimwambia ni mbali, nikamwambia magoti yake, nikamwambia magoti ya yule mzee mwingine. Alinitazama kama mtu anayeongea na inzi. Tukaenda. Mbele mzee na kinga, katikati baba na fimbo yake, nyuma mimi nikiwa na chupa ya maji na hasira zangu. Njiani nikamuuliza kwa nini hakutueleza habari ya spana.

"Nilisema pale," akajibu. "Bale bote balisikia, na habakutaka. Ningesema kwa nani? Kwa mama yako, mwenye hakuwa na kle?"

Tulifika saa ileile. Lakini saa ya kutoka kazini siku hizi haitoi mtu. Sehemu kubwa ya kiwanda imelala, na kipande kinachofanya kazi wafanyakazi wake huletwa na basi na kupitia mlango mwingine. Hapo palikuwa na vijana wawili wa ulinzi wanatazama simu. Mmoja wao hata baba yake hakuwa amezaliwa siku ile baba yangu aliposimama hapa akiomba spana.

Mzee akasimama mahali palepale, akavua kofia. Akasema kwa sauti: "Ii kinga iko ya huyu muzee. Hakuibaka. Tulimusingizia bure."

Kijana mmoja akainua macho. "Mutoke pale, bapapa. Camion inakuya."

Niliwaka! Nilimwendea kijana yule, nikamwuliza kama anajua anachokatiza, kama kwao hawana wazee. Lakini lori lilikuja kweli, limejaa mawe ya madini, ikabidi tujibanze ukutani wote watatu na ile kinga, tukala vumbi. Walipaswa kuwa hapa, wale wote waliocheka siku ile. Wamekufa, wamehama, wamesahau kila kitu isipokuwa lile jina la mwizi.

Vumbi lilipotua, baba akanyoosha mikono, akashika usukani. Mzee akataka kumsaidia kusukuma. Baba akatikisa kichwa, naye akabaki pale na kofia yake mkononi.

Hakupanda. Magoti hayaruhusu. Lakini hakurudi kwa njia ya mkato. Alipita barabara kubwa, akapita sokoni, akaingia mitaa yetu mmoja baada ya mwingine, na mbele ya kila mlango alipiga kengele. Watu walichungulia. Mwanamke mmoja kijana, mtoto mgongoni, alitoka mbio na sahani mkononi, akidhani ni mwuza mikate.

"Papa, unauzisha nini?"

Baba akasimama, akapangusa plake ya juu kwa mkono wa shati.

"Siuzishe," akasema. "Iko kinga yangu."